Muulize Fundi: Mdhamini Katoa Vifaa, Gari Tulijenge Vipi?

Shikamoo Fundi. Sisi ni binamu wawili wa Tanga, tunaishi San Diego. Tumenunua Volkswagen Beetle ya mwaka 1969, tunataka kuingia daraja la 11 kwenye mashindano ya San Felipe kule Baja California, Meksiko, na Mungu akijalia, baadaye mbio ndefu za Baja 1000. Mwenye duka moja la vipuri amekubali kutudhamini. Fedha hatoi, ila ametuahidi shokapu nne, taa nne za wati 100 kila moja, siti mbili pamoja na mikanda yake, na tairi. Tuanze kufunga nini? Na yeye tumrudishie nini?
Binamu wawili, San Diego

Marahaba wanangu, na hongereni kwa kumpata mtu wa kuwaamini kabla gari halijakimbia hata kilomita moja. Gari lenyewe mmechagua vizuri. Waulizeni wazee wa nyumbani: Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1954, ikashinda 1957, ikashinda tena 1962, enzi ambazo njia za Afrika Mashariki zilikuwa tope hadi kwenye ekseli. Na huko Baja, mashindano ya kwanza mwaka 1967, yaliyoishia La Paz, yalichukuliwa na Vic Wilson na Ted Mangels wakiwa ndani ya Meyers Manx, kigari chepesi kilichojengwa juu ya chasisi na injini ya Volkswagen. Walitumia saa 27 na dakika 38. Kwa hiyo msikubali mtu awaambie kwamba mmeanza na gari la kitoto.

Sasa swali lenu. Mnauliza mfunge nini kwanza, nami nasema msifunge kitu bado. Chukueni karatasi, andikeni kila kitu ambacho gari linahitaji ili limalize San Felipe, kana kwamba mdhamini hayupo. Kisha wekeni ahadi zake kando ya karatasi hiyo. Kilichoandikwa, kipokeeni kwa mikono miwili. Ambacho hakijaandikwa, mshukuruni na mwachieni dukani kwake. Mimi nafanya kazi El Cajon, hapo jirani yenu, na magari ya vijana yanayoingia gerejini kwetu naweza kukwambia yamejengwa na nani: mengine yamejengwa na dereva, mengine yamejengwa na boksi la zawadi. La zawadi lina shokapu za maelfu ya dola zimefungwa kwenye chuma chenye kutu, na bomba la mafuta limeshikiliwa kwa utepe wa umeme. Ni nadra kumpata mdhamini wa beringi za magurudumu, kwa hiyo watu huzisahau.

Karatasi hiyo ianze na kitabu cha kanuni cha SCORE, waandaaji wa mashindano hayo, cha mwaka mnaoingia. Daraja la 11 ni la Beetle za kawaida, na kawaida yenyewe imebanwa: bodi, injini ya 1600, ekseli ya mbele ya springi za kusokota. Uzuri wa daraja hilo ni kwamba mwenye pesa hawezi kumkimbia asiye nazo. Lakini shokapu aliyoizoea mwenye duka, ile kubwa yenye chupa ya gesi pembeni, huenda ni ya magari ya madaraja mengine. Mkaguzi wa mashindano hatawasikiliza mkimwambia mlipewa bure. Nendeni na kitabu dukani, mfungulieni ukurasa, mchague naye.

Shokapu nitakaa nazo kidogo, maana San Felipe ni nchi ya matuta. Si matuta ya barabarani. Ni mawimbi ya mchanga mgumu yaliyochimbwa na magari yenyewe mwaka baada ya mwaka, yanafuatana maili kwa maili, na kila wimbi linaipiga shokapu juu na chini hadi mafuta ya ndani yanachemka na kutoa povu. Shokapu ikifika hapo haizuii tena kitu. Kwa hiyo shokapu nzuri mnaihitaji kweli, na hapo mdhamini wenu amewaletea jambo la maana.

Ila Beetle yenu ya 1969 ina ekseli ya mbele ya boli-joint, na kwenye ekseli hiyo shokapu inashikwa juu na kiguzo cha bati lililokunjwa. Kiguzo hicho kilitengenezwa kwa ajili ya barabara ya lami. Mkifunga shokapu yenye nguvu mara mbili, nguvu hiyo yote itakwenda kukikung'uta kiguzo, na kitapasuka penye weldi. Nimewahi kulishika kwa mkono gari la namna hiyo lililorudi kwa kuvutwa: shokapu mpya inang'aa, haina hata mkwaruzo, inaning'inia na kipande cha bati kilichong'oka nacho. Basi kabla shokapu haijatoka kwenye boksi, viguzo viongezewe vibao vya chuma pembeni na vichomelewe na mtu anayejua kazi. Hiyo ndiyo gharama ya zawadi, na ni yenu, si ya mwenye duka. Iandikeni kwenye karatasi.

Kisha pimeni. Toeni springi za kusokota, inueni mkono wa gurudumu kwa jeki hadi ugote kwenye mpira wa kuzuia, pimeni umbali kati ya mashimo mawili ya shokapu. Uachieni ushuke hadi mwisho, pimeni tena. Shokapu ikikunjwa yote iwe fupi kuliko kipimo cha kwanza, na ikinyooshwa yote iwe ndefu kuliko cha pili. Isipokuwa hivyo, shokapu yenyewe ndiyo itakayokuwa kizuizi, na itavunjika au itang'oka pini. Fungeni mkanda wa kuzuia gurudumu lisishuke kupita kiasi. Mwelezeni mdhamini vipimo hivyo viwili pamoja na uzito wa gari. Beetle tupu ni kama kilo 800, na shokapu iliyopangwa kwa ajili ya pikapu itawarusha kama haijafunguliwa na kupangwa upya ndani.

Taa. Hapa fanyeni hesabu ya mtoto wa shule. Dinamo ya asili ya Beetle ya volti 12 inatoa takriban ampea 30, maana yake wati 360 mambo yakiwa mazuri. Taa zenu nne peke yake ni wati 400. Bado hujawasha plagi, redio, kifaa cha kuonyesha njia na kile cha kufuatilia gari ambacho waandaaji wanakilazimisha. Mtakimbia saa moja mkiona mwezi mzima mbele yenu, na baada yake betri imekufa. Mrudieni mwenye duka mwambieni mnaomba taa za LED zenye wati chache, mbili zinatosha kwa gari linalokwenda mwendo wa Beetle, moja iangaze mbali na nyingine pana. Na muombeni taa ya njano ya nyuma, ile ya kuonekana ndani ya vumbi. Hiyo ndiyo itakayomzuia mwenye gari la nguvu za farasi 900 asiwapande mgongoni. Kila taa iwe na fyuzi yake na rilei yake, na waya popote unapopita kwenye tundu la bati uwekewe mpira, kwa sababu mtikisiko wa Baja unakata waya kimyakimya.

Siti na mikanda: hapa sina upole. Angalieni lebo ya mikanda kabla ya rangi yake. Mikanda ya viwango vya SFI, shirika la Marekani la viwango vya vifaa vya mbio, ina tarehe iliyotobolewa kwenye lebo, na maisha yake kwa kawaida ni miaka 2 kutoka tarehe hiyo. Ya FIA, shirikisho la kimataifa la magari, imeandikwa mwaka wa kuisha. Madukani kuna mikanda mizuri kwa macho ambayo imekaa rafuni hadi tarehe ikapita, na hiyo ndiyo hutolewa zawadi, wala si kwa ubaya, mwenye duka mwenyewe mara nyingi hajaangalia. Kitambaa kinakufa kwa jua na muda hata kama hakijafungwa kwenye gari. Helmeti vilevile: tafuteni ndani, chini ya sponji, lebo ya Snell, shirika linalopima helmeti, yenye herufi SA. Yenye M ni ya pikipiki, haijapimwa kwa moto. Mikanda na siti vifungwe kwenye mabomba ya keji, ile fremu inayowakinga gari likibiringika, kamwe si kwenye sakafu. Sakafu ya Beetle ni bati jepesi, na upande wa kulia nyuma, chini ya siti ambako betri hukaa, tindikali imekuwa ikiila tangu kabla nyinyi hamjazaliwa. Chukueni bisibisi mchomechome hapo. Ikitoboka, mmejua kazi inaanzia wapi. Mikanda ya mabega iende nyuma karibu usawa wa bega. Ikishuka sana, siku ya ajali inaubana uti wa mgongo.

Pesa ambazo mdhamini amewaokolea, ziwekeni kwenye vitu visivyo na stika. Cha kwanza ni hewa. Kule Baja kuna mabonde ya vumbi laini, unga wa muhogo uliochekechwa una chembe kubwa kuliko lile, gari linazama hadi milango. Injini ya Beetle iko nyuma, pale pale ambapo magurudumu yanarusha vumbi hilo. Hamisheni kichujio cha hewa, kiingie ndani ya kebini juu, na bomba lake hadi kwenye kabureta lisiwe na mahali pa kupumua hata tundu la sindano. Namna ya kujua: pakeni grisi nyembamba ndani ya bomba, baada ya kichujio, kisha mkakimbie nusu siku vumbini. Fungueni, pitisheni kidole. Grisi ikiwa safi, injini yenu inapumua vizuri. Ikikwaruza kidole, kuna mahali panavuja, na pistoni zinasagwa.

Cha pili ni mkanda wa feni. Injini hii inapozwa kwa upepo, na mkanda mmoja unazungusha dinamo na feni kwa pamoja. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka, simameni hapo hapo, msisubiri kufika kituoni. Bebeni mikanda mitatu na mjizoeze kuubadilisha usiku mmevaa glovu. Cha tatu ni nati za ekseli ya nyuma, za milimita 36. Zinakazwa kwa karibu niutoni-mita 300, na nguvu hiyo haipatikani kwa spana ya kawaida na mkono mmoja. Zikilegea zinakula meno ya ngoma ya breki, na gurudumu linazunguka peke yake. Cha nne ni tangi la mafuta. La asili liko mbele, mbele ya magoti yenu. Wekeni tangi la mashindano lenye mfuko wa mpira na sponji ndani, na mtungi wa kuzimia moto ambao dereva anaufikia akiwa amefungwa mkanda. Kwa hili, kama pesa hazitoshi, ahirisheni mashindano.

Jaribio lifanyike mapema, Plaster City au Ocotillo Wells, zote ziko mashariki yenu. Endesheni kwa mwendo wa mashindano, si kwa matembezi. Kisha laleni chini ya gari na tochi, mguse kila bolti. Rangi nyeupe ya alama mliyopaka kwenye nati itawaonyesha ipi imezunguka.

Mdhamini mrudishieni nini? Ukweli wa kifaa chake. Wekeni daftari: shokapu imefungwa tarehe fulani, imekimbia maili kadhaa, mafuta yamevuja au hayakuvuja, picha hii hapa. Duka dogo haliwezi kwenda kujaribu bidhaa zake jangwani, nyinyi mnaweza. Kikivunjika kitu, mwambieni yeye kwanza kabla hamjaandika popote. Kabla ya yote, andikianeni ukurasa mmoja: kifaa ni cha nani baada ya mashindano, kikiharibika kwenye jaribio atatoa kingine au la, stika yake ikae wapi na ukubwa gani, na je, mnaruhusiwa kubandika za washindani wake. Hili la mwisho ni muhimu, maana siku ya ukaguzi magari yanasukumwa katikati ya vibanda vya kampuni, na kila moja ina stika na ahadi ya zawadi kwa atakayeshinda akiwa ameibandika. Kijana mwenye furaha hubandika zote, na hapo amevunja neno alilompa mtu wake.

Jambo dogo la safari: bima ya gari ya Marekani haifanyi kazi Meksiko, kateni ya huko. Na angalieni hati zenu za kurudi Marekani kabla hamjavuka mpaka, si baada. Mkiwa njiani mkaona watu wengi wamekusanyika mahali pasipo na kitu, punguzeni mwendo. Mara nyingine watazamaji wamechimba shimo au wamejenga tuta ili waone magari yakiruka.

Fundi, asalaam aleikum. Niko Maskati, nina Nissan Patrol, nashiriki mashindano ya mchangani ya klabu yetu. Kampuni ya tairi imenipa tairi tano mpya za matope, zenye meno makubwa. Tangu nizivae, gari linazama kuliko zamani. Nikizivua wataudhika?
Msomaji, Maskati

Waaleikum salaam ndugu yangu. Tairi ya matope imeumbwa ichimbe, ifike chini kwenye ardhi ngumu. Kwenye mchanga wa Sharqiya chini hakuna ardhi ngumu, kwa hiyo inajichimbia kaburi. Tena ubavu wake ni mgumu, haulali hata ukitoa upepo, na mchangani tunachotaka ni tairi ilale, irefuke, ibebe gari juu juu.

Kabla hujazivua, zipe haki yake. Umeshusha upepo wake hadi wapi? Kama umezoea paundi 18 na tairi zako za zamani, hizi jaribu 14, upime asubuhi zikiwa baridi, kwa sababu adhuhuri joto litapandisha. Usiende chini ya 10 bila rimu zenye kufunga ukingo wa tairi, hasa kama unakata kona kali kwenye mteremko wa tuta. Tairi itavuka rimu na gari litabiringika. Ondoa mguu kwenye mafuta mapema gari likianza kuzama, usibanebane. Meno hayo yanahitaji sekunde chache tu kukushusha hadi kwenye difu.

Ikiwa bado linazama, waandikie kampuni kwa adabu na wazi: tairi hizi zimenifaa kwenye mawe ya mabonde ya Hajar, ubavu wake haukatwi ovyo, ila mchangani nahitaji aina yenu nyingine yenye meno mafupi. Watengenezaji wengi wana aina zote mbili. Wao wanataka picha ya Patrol juu ya tuta, na ya Patrol inayovutwa kwa kamba haiwasaidii kitu. Anayewaambia mapema anawasaidia kuliko anayenyamaza na kuvaa tairi za kampuni nyingine siku ya mashindano.

Hujambo Fundi? Mimi ni binti fundi wa Voi. Tuna Suzuki ndogo, tunataka kuingia Rhino Charge. Nimeandika barua nyingi za kuomba udhamini, hazijibiwi. Niandike nini?
Msomaji, Voi

Sijambo mwanangu. Mashindano yenu si ya mwendo. Vituo 13 ndani ya saa 10, na anayeshinda ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi. Kwa hiyo usimwandikie mtu barua ya kasi. Mwandikie mwenye winchi, mwenye kamba, mwenye rimu, mwenye chuma cha kukinga sakafu, vitu ambavyo mbio hizo zinavitesa waziwazi mbele ya watu.

Barua iwe ukurasa mmoja. Mstari wa kwanza: gari gani, timu ya nani, mashindano gani. Kisha omba kitu kimoja kwa jina na kipimo chake, usiombe "msaada wowote". Anayeombwa winchi moja ya gari la kilo 1,000 anajua achukue nini rafuni, anayeombwa msaada wowote anaweka barua kando. Ambatisha picha ya gari mlivyolifikisha wenyewe, hata kama bado halina rangi. Picha ya weldi safi inamwambia mwenye duka kwamba kifaa chake hakitafungwa ovyo.

Na usichanganye mifuko miwili. Timu inakusanya pia michango ya shirika la Rhino Ark kwa ajili ya misitu na wanyama, na mtu akikupa winchi hajachangia hapo. Mweleze hivyo kwenye barua yenyewe. Akitaka kutoa vyote viwili, kila kimoja kiandikiwe risiti yake.